Baiskeli ya Dresa na Magego ya Mpingo

Jumamosi, tarehe tisa, Mfunguo Nane. Alfajiri yalianguka manyunyu, yakakatika kabla hayajalowesha hata majivu ya jikoni. Kisha likatoka jua la kufukuta, na hadi alasiri hakuna jani lililotikisika.

Alhamisi nilikabidhi ufunguo wa sanduku la zana. Leo ni siku ya pili sina kazi na mikono haijui ikae wapi. Asubuhi nimenyoosha vijiko vyote vya nyumbani, hata visivyopinda. Mke wangu Zuhura akasema, "Baba Hadija, hebu kaandike yale unayowasimulia wenzako kila siku, uniachie vijiko vyangu."

Basi naandika. Nawaandikia ninyi, Chande na Rajabu, mliobaki pale barazani Masoko, na atakayekuja baada yenu. Mimi nilisoma juzuu chache chuoni na madarasa mawili ya shule ya serikali, kwa hiyo mkikuta neno limekaa upande, linyoosheni taratibu, bila moto. Kwa nini nasema bila moto, mtaona mbele. Na kama nimemwonea mtu humu, nisameheni. Nimejaribu kumpa kila mmoja haki yake, hata mimi mwenyewe.

Nilianza ufundi nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, miaka michache kabla ya vita kubwa ya pili. Kabla ya hapo nilibeba magunia ya ufuta pale gatini. Baraza letu lilikuwa la duka la Mhindi mmoja aliyeuza taa, vitambaa na misumari. Watu walimwita bahili. Sijui. Najua kwamba jiriwa la kubania vyuma alilotufungia juu ya meza lilikuwa zito na zuri, na ndilo hilo hilo mnalolitumia leo.

Mkuu wa baraza alikuwa Fundi Issa, Mmwera wa Rutamba, mtu mfupi, mkali, mwenye kikohozi cha tumbaku ya kunusa. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo Fundi," akaitika "Marahaba" bila kunitazama, akanifunga kitambaa machoni. Nikasikia fremu ya baiskeli inawekwa magotini mwangu.

"Niambie imeumia wapi."

Nikapapasa, nikapapasa, nikasema, "Hapa."

"Hapo ni mahali bomba lilipoungwa huko Ulaya. Endelea."

"Hapa basi."

"Hapo ni kidole changu, bwana."

Aliponifungua macho nikaiona fremu ina mbonyeo wa kutosha kuweka yai. Nilikuwa nimepita juu yake mara tatu. Akanishika kidole gumba, akakigeuza juani kama mtu anayekagua nazi sokoni. "Hiki ni kidole cha mpagazi," akasema. "Kitalainika." Kilichukua miaka miwili kulainika. Lakini alikuwa na haki: jicho hudanganywa na rangi, hudanganywa na mwanga, hudanganywa na haraka ya mwenye baiskeli. Kidole gumba chenye mafuta kidogo kikipita polepole, hukwama penye kasoro hata kama ni ya unene wa ukucha. Mpaka leo nikipokea fremu natazama kando kwanza na kuacha kidole kiende.

Zana za kazi hii mnazijua. Tupa tatu, nyundo mbili, spana, na uzi. Uzi ule wa fundi cherehani msiudharau. Ufunge nyuma penye ekseli ya gurudumu upande wa kulia, uuzungushe shingoni kwa mbele, uurudishe nyuma kushoto, kisha pima nafasi kati ya uzi na bomba la siti, huku na huku. Zikilingana, fremu imenyooka. Zisipolingana, usimwambie mtu "itakwenda tu". Itakwenda, ndiyo, lakini itakwenda upande.

Halafu yapo magego. Mgeni akisikia hucheka. Ni vipande viwili vya mpingo, kila kimoja kimechimbwa mfereji nusu duara, ukivikutanisha vinaliuma bomba pande zote kama magego yanavyouma mfupa. Unapaka mafuta ya ufuta, unaviweka juu ya bomba pembeni ya mbonyeo, unavibana katika jiriwa, kisha unaizungusha fremu yote ndani yake. Unakaza kidogo, unazungusha. Unasogea upana wa unyasi, unazungusha. Chuma kilichoingia ndani hakina pa kukimbilia ila kurudi juu. Fundi Issa alikuwa na jozi moja, aliyorithi kwa aliyemfundisha, na aliiweka katika kisanduku chenye kufuli. Ufunguo ulikaa kiunoni mwake.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana bila hiyo yanayofuata hayana maana.

Alikuwapo Dresa Abdala, mtu wa hospitali, kazi yake kufunga vidonda na kuchoma sindano za buba vijijini. Kila Jumanne alikwenda Tingi kwa baiskeli ya serikali. Watu wa vilimani walishuka kumngojea, wengine wakiwa wamebebwa mgongoni, maana buba ikishika nyayo mtu hatembei. Sindano hizo hazichomwi moja ukaachia hapo. Ukikosa Jumanne yako, umepoteza na ile ya kwanza.

Siku moja Dresa aligonga kisiki. Bomba la chini, lile linalotoka shingoni kwenda penye pedeli, likajikunja na kubonyea. Fundi Issa hakuwapo, alikuwa kwao Rutamba kwenye msiba wa mama yake mkubwa, na ufunguo wa magego alikuwa nao huko. Mtu mwenye akili angengoja. Mimi nikaona hapa ndipo pa kujionyesha.

Nilikuwa nimemsikia Fundi Issa akisema kwamba bomba likijazwa mchanga na kupashwa moto, hunyooka bila kujikunja. Kwa hiyo nikatoa ekseli ya pedeli, nikaenda ufukoni, nikachota mchanga mweupe, mlaini, safi kabisa. Nikaukausha juani. Nikajaza bomba, nikaziba kwa kigingi, nikavukuta makaa hadi chuma kikawa chekundu kama ua la mkomamanga. Nikanyoosha, nikagonga, nikamwaga mchanga, nikapiga tupa, nikapaka rangi nyeusi. Kwa kweli lilipendeza. Watu walikuja kulitazama.

Palikuwa na desturi pale barazani, na ninyi mnaifuata: aliyenyoosha fremu ndiye mzigo wa kwanza. Anapanda kwenye keria, mwenye baiskeli anaendesha, wanapita barabara mbaya kuliko zote. Dresa akaniita, "Haya Fundi Salumu, panda twende." Nikatazama lile bomba, na moyo wangu ukajua jambo ambalo kichwa hakikujua. Nikasema nina jipu.

"Wapi?"

"Pa kukalia."

Dresa akanipa pole, akaondoka peke yake.

Bomba lilidumu masika mbili, na katika muda huo nilitembea kifua mbele. Kisha Jumanne moja, mchana, wakaja watu wawili wa Tingi wamebeba kila mmoja nusu ya baiskeli, na nyuma yao Dresa kwa miguu, mdomo umevimba kama papai, meno mawili ya mbele hayapo. Alianguka pale penye mteremko unaoingia Tingi. Hakunitukana. Aliamkiana na kila mtu barazani, kisha akaniambia, "Fundi Salumu, ulinipa baiskeli moja. Nimekurudishia mbili."

Nikaokota ile nusu ya mbele. Ndani ya bomba, upande wa shingoni ambako hapana tundu la kutokea, mlikuwa na uji mkavu wa kahawia, mchanga na kutu vimeshikana. Chuma kilikuwa kimeliwa kutoka ndani, kimebaki chembamba kama ganda la kitunguu, na rangi yangu nzuri juu yake. Nikatia kidole, nikaonja. Chumvi.

Fundi Issa akauliza, "Mchanga ulichota wapi?"

"Ufukoni, Fundi."

Akakaa chini. Akanusa tumbaku yake, akapiga chafya. Halafu akasema, "Kwetu Rutamba hatuna bahari. Mchanga tunachota mtoni. Miaka yote hii hapa pwani, haikunijia kumwambia mtu wa pwani asiende pwani."

Yeye alitaka kuchukua nusu ya kosa. Kwa haki, simwachii hata robo. Chumvi huita maji, jambo hilo hata mpishi analijua. Mimi nimezaliwa hapa, nimeona misumari ya milango yetu inavyooza, nimeona bawaba zinavyobaki unga. Nilisahau ninaishi wapi. Na lile jipu nililitunga mwenyewe.

Baada ya hapo nilirudi kwenye spoki na kuziba mipira. Mwaka mzima sikugusa fremu. Hakuna aliyenikataza, mkono wenyewe haukutaka. Mjini nikapewa jina, Mbilimbili, kwa kuwa nafanya moja ziwe mbili. Hata muuza maandazi alinijua kwa jina hilo. "Mbilimbili, nikupe moja au utaligawa mwenyewe?" Nilicheka nao. Nyumbani sikucheka.

Dresa alipewa baiskeli nyingine ya serikali, sawa na ile ya kwanza, akaambiwa ni ya mwisho ghalani. Ulikuwa wakati wa vita, meli zilileta mambo mengine. Fremu mpya haikupatikana Kilwa wala Lindi. Akaitunza kama mboni ya jicho. Aliiosha kila jioni, akaifunika kwa shuka.

Basi siku moja akaiegemeza kwenye mnazi, yeye akakaa hatua nne pembeni anakunywa maji. Nazi ikaanguka. Mimi sikuwapo, lakini aliyekuwapo anasema sauti yake ilikuwa kama kengele ya shule. Bomba la juu likabonyea katikati, mbonyeo wa kulaza dole gumba zima, na shingo ikajivuta upande.

Dresa akaisukuma mpaka barazani. Nilikuwa naziba mpira, nikainamisha kichwa ndani ya beseni la maji kama ninayetafuta tundu. Fundi Issa akapitisha kidole. Akafungua kisanduku chake, akatoa magego, akayajaribu. Yakacheza.

"Haya ni ya bomba la chini, lile nene," akasema. "La juu ni jembamba. Hayashiki."

"Kwa hiyo?" akauliza Dresa.

"Inatakiwa jozi nyingine. Macho yangu ya kuchimbia jozi mpya yamekwisha. Ya Salumu bado."

Maji ya beseni yangu yakawa na sauti kubwa sana.

Dresa akasema, "Fundi Issa, una mzaha na meno yangu."

"Ipeleke Lindi basi."

"Nikiipeleka Lindi itarudi lini? Nina watu arobaini Tingi wamechomwa ya kwanza, na ya pili ni Jumanne ya tatu kutoka leo. Kwa miguu na lile kasha la dawa nafika Jumatano, wao wameshapanda vilima. Baiskeli hii ikifa, Tingi imekufa kwangu." Akanigeukia. Nikainua kichwa, maji yanachuruzika ndevuni. Akanitazama sana. "Huyu," akasema, "ndiye fundi pekee ninayemjua aliyelijua kosa lake kwa kulionja. Wengine wangesema ni barabara. Mpe."

Nikasema siwezi. Nikasema mara tatu. Fundi Issa akasema, "Hujaulizwa," akarudi kwenye tumbaku yake.

Mpingo aliuleta Dresa mwenyewe. Alifika Tingi kwa miguu Jumatano, kama alivyosema, akawaambia wagonjwa wachache wa jirani aliowakuta shida ilivyo, na mzee mmoja wa huko, nyayo zake zimeanza kupona, akampa kipande cha moyo wa mpingo kilichokaa uvunguni mwa kitanda chake miaka mingi. Dresa alikibeba begani kutoka Tingi pamoja na kasha la dawa. Nilipokipokea kilikuwa kizito kama chuma, cheusi, na kina joto la bega lake.

Nikakikata vipande viwili. Kile cha kwanza nilikiharibu. Nilikuwa nimekipaka mafuta, nikataka yanywee haraka, nikakisogeza karibu na makaa. Kikapasuka kwa sauti ya bunduki. Fundi Issa hakugeuka. Alisema tu, "Tena moto." Nikakaa siku nzima nikikitazama kile kipande cha pili na kukiogopa.

Sasa sikilizeni jinsi tundu lilivyochimbwa, maana hapo ndipo nilipokuwa fundi, kama ni fundi. Mfereji wa magego lazima ulingane na bomba sawasawa. Ukizidi, yanacheza. Ukipungua, yanachubua. Patasi haikupi duara la namna hiyo, na keekee ya unene ule hatukuwa nayo. Nilizunguka baraza lile siku mbili. Siku ya pili nikajikwaa karibu na pembe ya meza, na kilichonikwaza kilikuwa ile baiskeli iliyokatika, nusu mbili, tulizozitupa chini hapo. Bomba lake la juu lilikuwa zima. Na lilikuwa la unene ule ule, maana baiskeli hizi mbili ni ndugu, zote za serikali, zote za kiwanda kimoja.

Nikalikata urefu wa mkono. Mwisho mmoja nikalichonga meno kwa tupa, kama ya msumeno. Mwisho wa pili nikafunga usukani wa baiskeli ile ile iliyokufa, uwe mpini. Nikabana kipande cha mpingo katika jiriwa, nikasimamisha bomba juu yake, nikaanza kuzungusha, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama mwendawazimu anayeendesha baiskeli kuelekea ardhini.

Watu walikuja. "Mbilimbili, unakwenda wapi?" "Tingi," nikajibu. Siku tano. Meno yaliisha, nikayachonga upya. Unga wa mpingo ulinipaka uso, Zuhura akanikataza kulalia mto wake. Siku ya tano bomba likatokea upande wa chini, na ndani yake kijiti cheusi, laini, kizuri kama kalamu. Zuhura anacho mpaka leo, ndicho anachotwangia pilipili.

Kisha nikaupasua mpingo katikati kwa msumeno mwembamba, kwa urefu, tundu likawa mifereji miwili. Upana ulioliwa na msumeno ndio nafasi ya kukazia. Hilo sikulijua kabla. Lilitokea tu. Fundi Issa alipoona akasema, "Umewaza vizuri," nami nikanyamaza. Leo nasema: sikuwaza. Ilikuwa bahati.

Ikabaki fremu yenyewe. Jumatatu asubuhi nikapaka mafuta ya ufuta, nikaweka magego pembeni ya mbonyeo, nikakaza jiriwa kidogo tu, nikashika fremu kwa mikono miwili, nikazungusha. Ikalia kama mlango. Nikazungusha tena. Nusu mzunguko wa mpini wa jiriwa, kisha fremu mizunguko ishirini. Sogeza. Mafuta yakapata joto, baraza likanuka kama jiko la sikukuu. Kidole gumba kikapita, mbonyeo upo. Nusu mzunguko. Adhuhuri nikaenda kusali, nikarudi. Kidole kikapita, mbonyeo upo, lakini mdomo wake umelala. Ah! Hapo nilitaka kukaza mzunguko mzima. Mkono ulishafika kwenye mpini wa jiriwa. Nikausikia ule mpingo wa kwanza ulivyopasuka, nikaurudisha mkono. Nusu mzunguko.

Alasiri kidole kilipita kutoka siti mpaka shingoni bila kukwama, ila mahali pamoja, kishimo kidogo kama kovu la ndui. Nikamwambia Fundi Issa nataka kukijaza shaba. Akapitisha kidole chake. "Shaba inataka moto," akasema. "Acha. Hicho hakitamwangusha mtu. Na mtu akikuuliza, usikifiche." Nikaivuta shingo taratibu kwa gogo na kamba hadi uzi ukalingana huku na huku. Nilipima mara saba. Mara ya nane Fundi Issa akaninyang'anya uzi.

Jumanne Dresa alikuja mapema, kasha la dawa mkononi. Baraza lilikuwa limejaa, hata muuza maandazi alikuja na beseni lake. Dresa akaipanda baiskeli, akaweka mguu mmoja chini, akageuza kichwa.

"Leo jipu vipi?"

"Limepona, Dresa."

"Alhamdulillahi. Mimi ndiye mtu wa hospitali hapa, na jipu lile sikuwahi kuonyeshwa."

Watu wakacheka hadi maandazi yakamwagika. Nikapanda kwenye keria, kasha magotini, tukaondoka.

Njia ile naikumbuka kwa makalio. Kila jiwe nililijua. Kwa kuwa naandika ukweli, niseme nilisoma kila dua niliyofundishwa na zingine nusu nusu. Tulipofika pale penye mteremko wa Tingi, Dresa akasimamisha. Akanionyesha jiwe moja. "Meno yangu yapo hapo."

"Tushuke tuisukume?" nikamwuliza.

"Wewe unaonaje? Fundi ni wewe."

Hapo ndipo nilipoulizwa kweli. Chini niliwaona watu, wengi, wamekaa kwenye kivuli cha nyumba, na baadhi wameshasimama kututazama. Nikanyoosha mkono, nikaupitisha chini ya mkono wake, nikagusa bomba la juu kwa kidole gumba. Nikakipata kile kishimo. Hakikuwa kimeongezeka.

"Twende," nikasema.

Akaachia breki. Nawaambieni, ile haikuwa baiskeli, ilikuwa jiwe lililorushwa. Chupa za dawa ziliimba ndani ya kasha, kofia yangu ikaenda zake, na Dresa, mtu mzima wa serikali, akawa anapiga kelele ya furaha kama anayefukuza ngedere shambani. Tuliingia katikati ya watu kwa vumbi. Akasimama. Bibi mmoja mwenye mguu uliofungwa akasema, "Dresa, leo umetuletea mgonjwa mwingine?"

"Nimeleta fundi, bibi."

"Yule wa mbilimbili?"

Dresa akashuka, akainyanyua baiskeli kwa mkono mmoja mimi nikiwa nimeshuka, akaipiga chini kwa magurudumu yote mawili. Ikadunda. Ikakaa. "Hesabu, bibi," akasema. "Ziko ngapi?"

"Moja!" wakaitika, na wale wanawake wakapiga vigelegele kama mwali anatolewa. Yule mzee wa mpingo alikuja kwa nyayo zake mwenyewe kunishika mkono. Siku ile walichomwa sindano ya pili wote arobaini isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa na harusi. Mimi nilishika beseni la pamba mpaka jioni.

Sikuitwa tena Mbilimbili. Au niseme kweli, muuza maandazi aliendelea, lakini kwa heshima.

Miaka iliyofuata nilinyoosha fremu nyingi kwa magego yale, za matarishi, za makarani, za wakulima wa korosho waliopakia gunia tatu wakashangaa chuma kulalamika. Nyingine sikuziweza, nilizirudisha kwa wenyewe nikawaambia siwezi. Fundi Issa alifariki kwao Rutamba. Aliniachia kisanduku na jozi yake ya bomba nene. Kufuli nililitoa. Chande, Rajabu, kisanduku kile kikae wazi. Laiti kingekuwa wazi ile wiki ya msiba, lakini tena, namna nilivyokuwa wakati ule, labda ningeyavunja magego yenyewe. Upakeni mpingo mafuta kila Ijumaa, uwekeni mbali na makaa, na mchanga, mkiuhitaji, uchoteni mtoni.

Nilikuwa nataka kuishia hapo, lakini leo saa kumi kengele ya baiskeli ililia mlangoni. Dresa Abdala. Naye amestaafu, analima huko huko Tingi. Alisikia nimekabidhi ufunguo, akaja peke yake kwa ile ile baiskeli ya nazi, gunia la muhogo kwenye keria. Nikatoka, nikamwamkia, na kabla sijamkaribisha ndani kidole gumba kilikuwa kimeshafika kwenye bomba. Kishimo kipo. Hakijaongezeka hata unywele.

"Bado huniamini," akasema.

"Najikagua mwenyewe, Dresa."

Zuhura akakuna nazi mbili, na Dresa akaomba akune ya tatu yeye mwenyewe, akasema ana deni la zamani na ukoo huo wa nazi. Kijiti cheusi kikatwanga pilipili. Jioni tumekula muhogo wa Tingi uliopikwa kwa tui zito, na samaki changu wa kuchoma, na kwa kuwa meno yake mawili yaliondoka kwa kazi yangu, vile vipande laini vya katikati tumempa yeye.